Dondoo muhimu: Unene na saratani

Kalemie bado tunamsifia mtu mnene kuwa maisha yamemkubali. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitaja saratani 13 zinazohusiana na mafuta kuzidi mwilini, zikiwemo za utumbo mpana, ini, figo, kongosho na mji wa mimba, pamoja na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Mafuta hayo hutengeneza homoni ya estrojeni na kupandisha insulini, na zote mbili huchochea seli kugawanyika.

Pima kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, kisha soma. Hatari huanza kupanda sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanamume.

Punguza mawese kwenye sombe. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120, na wengi humimina bila kupima. Ndagala wachemshe au uwachome badala ya kuwakaanga, na tonge la bukari lipungue kuliko mboga.

Pombe, lutuku ikiwemo, huleta saratani hata kwa mwembamba.

Tembea kwa miguu kila siku, nusu saa, hadi upumue kwa kasi.

Mwembamba asijikondeshe. Na ukipungua uzito bila kukusudia, usishangilie: nenda kwa daktari mapema.