Taa za chumba cha masomo: plake, regilatere na waya zichaguliwe namna gani?

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Munajua wote kwamba fedha ya taa za chumba cha masomo imekusanyika. Siku ya Posho kamati itakaa kuamua vitu gani vinunuliwe. Katika mabweni maneno ni mengi. Wengine wanasema: tununue plake mbili kubwa, waya tutaipata popote, na batri ichukuliwe ile ya gari. Sisi wa darasa la sita tumeomba nafasi katika gazeti hili ili tufundishane kidogo mbele ya ile siku. Neno letu ni moja: plake si mwanzo wa kazi. Kazi inaanza kwa hesabu ya taa, na inaharibikaga kwa waya na kwa batri.

1. KWANZA HESABU

Mutu akitaka kupika ugali, anauliza kwanza watu wangapi watakula. Sisi vilevile.

Chumba chetu kinaomba taa 8 za LED, kila moja wati 7. Tunasoma muda wa saa 4 kila usiku. Basi 8 × 7 × 4 = wati-saa 224. Tuongeze radio ya wati 10 kwa muda wa saa 2, ni 20. Tuongeze telefoni 4 za walimu, kila moja karibu wati-saa 15, ni 60. Jumla ni wati-saa 304 kila siku.

Lakini umeme wote wa plake haufiki kwenye taa. Joto, vumbi, waya na batri, kila kimoja kinakula sehemu yake. Tuhesabu kwamba sehemu 10 zikitoka, zinafika 7. Basi 304 ÷ 0,7 = karibu 434.

Na jua je? Namba ya wati iliyoandikwa nyuma ya plake imepimwa kwa jua la wati 1.000 kwa metre mraba moja, plake ikiwa na joto la digrii 25. Jua la namna hiyo halikai siku nzima. Asubuhi na jioni ni dogo, na hapa kwetu Kivu mawingu hayakosi. Tukilikusanya lote, katika majira ya mvua tuhesabu muda wa saa 4 tu. Basi 434 ÷ 4 = karibu wati 109. Plake moja ya wati 150 inatosha, na inabakiza kidogo kwa siku mbaya. Plake ya pili si kitu kibaya. Ubaya ni kwamba itakula fedha ya waya na ya batri.

2. PLAKE

Plake ya kazi ya volti 12 iko na seli 36. Juani inatumika kwa volti karibu 18, na isipofungwa kitu chochote inaonyesha karibu 22. Zile kubwa za seli 60 au 72 ziko na volti nyingi zaidi. Musizinunue kwa sababu ya ukubwa tu. Tutaona sababu katika sehemu ya 3.

Soko linajaa karatasi za uongo. Lakini iko njia mbili za kupima, na hata mwanafunzi wa darasa la kwanza anaziweza.

Ya kwanza ni metre ya fundi. Plake nzuri za leo zinageuza kuwa umeme karibu sehemu 20 tu kwa 100 za jua. Maana yake metre mraba moja inatoa karibu wati 200. Basi plake ya wati 150 lazima ikaribie robo tatu ya metre mraba. Wakikuletea ndogo kuliko nusu ya metre mraba na kusema ni 150, uwashukuru na kwenda.

Ya pili ni mashini ya kupima umeme, ile ya laboratware. Saa sita ya mchana, jua kali, tupime ampeya za plake. Ya wati 150 inatoa karibu ampeya 8. Ikitoa 4, ni nusu ya plake, hata rangi ikiwa nzuri.

Juu ya mabati iinamishwe kidogo, karibu digrii 10, ili mvua iisafishe. Hapa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo upande wa kuelekea si shida kubwa. Shida kubwa ni kivuli. Tawi moja la avoka likifunika seli chache, plake nzima inadhoofika.

3. REGILATERE

Hii ndiyo mulinzi wa batri. Batri ya maji ikifika karibu volti 14,4 inazuia umeme usizidi. Batri ikishuka karibu na volti 11, inakata taa. Wengi hawaipendi kwa sababu hiyo ya pili. Munaijua ile batri iliyolala chini ya ngazi ya bweni. Ilikufa kwa nini? Kila mara regilatere ilipokata taa, watu walipitisha waya pembeni ili waendelee. Walipata usiku michache ya mwangaza, kisha giza la mwaka muzima.

Iko namna mbili, na herufi zimeandikwa juu ya boksi. PWM ni ya bei ndogo. Inavuta volti za plake mpaka zilingane na za batri. Ukiifunga na plake ya seli 36, hasara ni kidogo. Ukiifunga na ile ya seli 60, yenye volti karibu 31, nguvu zaidi ya nusu inapotea. MPPT ni ya bei kubwa, lakini inageuza volti zilizozidi kuwa ampeya. Kwa plake yetu moja ya seli 36, PWM ya kweli inatosha. Ampeya ngapi? Plake inatoa karibu 9 ikizidi. Tuongeze robo, ni 11. Basi regilatere ya ampeya 15 au 20.

4. WAYA

Hapa ndipo watu wanataka kuhurumia fedha, na hapa ndipo inapotea. Waya ni kama mufereji: ukiwa mwembamba na mrefu, maji yanafika kidogo. Kutoka juu ya mabati mpaka kwenye regilatere tumepima metre 12. Umeme unakwenda na kurudi, basi ni metre 24. Shaba inapunguza volti kwa kanuni hii: metre 24 × ampeya 8,3 × 0,0175, kisha gawanya kwa unene wa waya.

Waya ya milimetre mraba 1,5: inapoteza volti 2,3.
Waya ya 2,5: inapoteza volti 1,4.
Waya ya 6: inapoteza volti 0,6.

Mutu atasema: plake iko na 18, tukipoteza 2 ni nini? Kumbe plake ikipata joto volti zinashuka. Juu ya mabati saa ya mchana inaweza kufika digrii 60, na zile 18 zinabaki karibu 15,5. Toa 2,3: inabaki 13,2. Batri inaomba 14,4 ili ijae. Haitajaa hata siku moja! Waya ya 2,5 inaacha 14,1, bado kidogo. Waya ya 6 inaacha 14,9, na batri inajaa. Hata plake mbili hazitaponya ile waya nyembamba, kwa kuwa ampeya zikiongezeka, hasara nayo inaongezeka.

5. BATRI NA FUZIBLE

Batri ya gari imetengenezwa kwa kuamsha motere: nguvu nyingi, dakika kidogo. Ukiinywa kila usiku, inakufa upesi. Tutafute batri ya jua. Usiku moja tunatumia 304 ÷ 12 = ampeya-saa 25. Usiku mbili bila jua ni 50. Na batri ya maji haipendi kushuka chini ya nusu, basi ampeya-saa 100.

Fuzible, ile waya ndogo ya kuyeyuka, ikae karibu kabisa na upande wa chanya wa batri. Waya mbili zikigusana bila fuzible, batri ya namna hii inasukuma ampeya mamia, na bweni la mbao linaweza kuungua watoto wakilala. Ya ampeya 20 kwa batri, na ya 10 kwa njia ya taa, ambayo iwe waya ya 2,5. Batri ya maji inatoa gazi yenye kuwaka inapojaa. Ikae mahali penye hewa, mbali na mushumaa, wala si katika chumba cha kulala.

Kufunga kuna mpango: batri kwanza, kisha plake, mwisho taa. Kufungua ni kinyume. Na radi ikianza, chomoa plake, mbele mvua haijafika. Uchunguzi wa satelite uliotangazwa mwaka 2016 uliweka Kabare yetu kati ya mahali penye radi nyingi kupita pengine duniani.

6. NENO LETU KWA KAMATI

Tunaomba: plake moja ya wati 150, regilatere moja ya kweli, waya ya 6, batri ya jua, fuzible mbili. Na mulinzi mumoja mwenye ufunguo wa sanduku, atakayeandika volti za batri kila asubuhi. Pasi na friji za kuunganisha usiku, hapana. Exetat inakuja. Wale watakaoingia darasa la sita mwaka ujao nao watahitaji taa hizi hizi, na sisi tutakuwa tumekwenda.

MAULIZO YA KUJIPIMA

a) Bweni la wasichana linaomba taa 5 za wati 6 kwa muda wa saa 3. Plake ya wati ngapi inatosha?
b) Waya ikiwa metre 6 tu mahali pa 12, ile ya 2,5 inapoteza volti ngapi? Batri itajaa?
c) Kwa nini regilatere inakata taa, na anayepitisha waya pembeni anaiba kitu cha nani?

Majibu yaletwe kwetu mbele ya Posho. Wenye hesabu nzuri tutawaomba wakae nasi mbele ya kamati.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la darasa la sita