Muuguzi na Mzee: Kusoma Hakuishi

Somo letu safari hii lahusu wazee na wauguzi wao. Hapa Pemba tunazo hospitali za Wete, Chake Chake na Abdalla Mzee ya Mkoani. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar huwalipa pensheni ya kila mwezi wakaazi waliotimiza miaka 70, na mwaka 2020 ilitungwa sheria ya mambo ya wazee. Hayo ni mema. Lakini usiku wa manane, aliye karibu na kitanda cha mgonjwa ni muuguzi.

Sisi tuliokuwa chuo cha ualimu twajua kuwa cheti ni mlango tu wa elimu. Muuguzi naye hana budi kuendelea kusoma akiwa kazini, kwa kuwa maradhi ya mzee huja kwa sura nyingine. Tutazame mambo matatu.

1. Kuchanganyikiwa. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyezungumza vizuri juzi na leo anaweweseka, huyo ni mgonjwa. Huenda ana kichomi, au maradhi ya njia ya mkojo, au amepungukiwa maji, na pengine hana homa hata kidogo. Tukisema "ni uzee tu", au kwamba amepandwa na shetani, twaweza kumzika mtu ambaye angepona.

2. Dawa. Figo za mzee hazitoi dawa mwilini upesi kama za kijana. Kwa hiyo muuguzi aulize kila anachotumia mzee, pamoja na mitishamba.

3. Vidonda vya kulala. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara. Vitabu vingi husema tutazame wekundu wa ngozi, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Muuguzi apapase visigino, nyonga na kiuno, akitafuta joto au ugumu.

Mafunzo haya si lazima yavuke bahari kwenda Unguja. Nusu saa kwa juma yatosha kuanzia: wauguzi wakae pamoja, wamzungumzie mgonjwa mmoja mzee, na mkubwa wao aongoze. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohimiza kuangalia kutembea kwa mzee, lishe, macho, masikio, kumbukumbu na huzuni yake. Wangeweza kuchukua jambo moja kila juma.

Nasi tulio nyumbani tunayo sehemu yetu. Tukimpeleka mzee hospitali, tuchukue dawa zake zote, na tueleze siku hasa alipoanza kubadilika. Muuguzi hamjui alivyokuwa jana, sisi twajua. Kumheshimu baba na mama kwaanzia hapo.

Maswali ya kujadili:
(a) Nani katika mtaa wetu anaishi na mzee peke yake, na nani humpokea zamu?
(b) Je, twazijua dawa za wazee wetu?
(c) Tuwasaidieje wauguzi wetu wapate nafasi ya kusoma?