Unang'oa vigae vya zamani? Lowesha sakafu kwanza

Mkazi anayeng'oa vigae mwenyewe nyumbani huogopa kujigonga kidole kwa nyundo. Hatari kubwa zaidi ni vumbi. Vigae na saruji vina silika, na chembe zake ndogo zisizoonekana kwa macho hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Kwa hivyo watoe watoto na vyombo nje, fungua madirisha, kisha nyunyizia sakafu maji. Vaa miwani ya kazi, glavu, viatu vigumu na barakoa ya N95. Leso haizuii chembe hizo. Gonga vigae kwa kidole: kile kinacholia kama kitu kitupu ndicho kimelegea, anza nacho. Ingiza tindo chini yake kwa mshazari, ugonge polepole, ukiendelea kulowesha. Kukata kwa greinda bila maji ndiko kubaya zaidi, hata fundi akisema kunaharakisha kazi (na kweli kunaharakisha).

Usifagie pakavu, pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Kifusi kitie kwenye magunia. Ukikimwaga mtaroni, mvua ikinyesha maji yataingia kwa jirani.