Dawa za Mzio Zisizoleta Usingizi

Mgonjwa mwenye mafua ya mzio akifika katika duka la dawa, mara nyingi huondoka na piritoni, yaani klorofeniramini. Ni dawa ya bei nafuu, na hutuliza chafya na muwasho. Lakini huenda mnunuzi huyo ni dereva wa bodaboda, na hakuna aliyemuuliza kazi yake.

Histamini, kemikali inayoleta muwasho na makamasi, ina kazi nyingine ndani ya ubongo: humfanya mtu awe macho. Klorofeniramini na promethazini hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo na kuizuia histamini huko pia. Ndiyo sababu mtumiaji husinzia. Wapo wanaodhani kuwa kusinzia ni ishara ya dawa kufanya kazi. Sivyo. Wala kuimeza usiku hakuondoi hatari, kwa kuwa klorofeniramini hukaa mwilini kwa muda mrefu. Asubuhi mtu aweza kuwa mzito wa kuamua na kutenda ilhali mwenyewe hahisi usingizi wowote, na hili ndilo gumu zaidi kumweleza mgonjwa anayeapa kuwa yu mzima.

Loratadini na feksofenadini hupenya kidogo mno katika ubongo. Loratadini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humezwa na mtu mzima miligramu 10 mara moja kwa siku. Feksofenadini imezwe kwa maji, kwani juisi ya machungwa au ya tufaha hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Setirizini hufaa pia, ila huwasinzisha baadhi ya watu. Dozi ya kwanza ijaribiwe siku isiyo na safari, na mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe dozi.

Mtoa dawa asisahau dawa za mafua zenye mchanganyiko. Nyingi zina klorofeniramini ndani yake, hivyo aliyepewa loratadini aweza kuimeza bila kujua. Kwa mzee, dawa hiyo huweza kuleta kuchanganyikiwa, na kwa mwenye tezi dume iliyotanuka, mkojo kuziba.

Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, vidonge hivi vyote havitoshi: inahitajika sindano ya adrenalini, na mgonjwa afikishwe kituo cha afya mara moja.