Samaki wa Kukaa na Mimea: Anza na Maji Yako

Kabla hujaenda duka la samaki wa mapambo, yajaribu maji ya nyumbani kwa sabuni ya mche. Povu likija upesi, maji yako ni laini. Likigoma, na birika lina ukoko mweupe ndani, una maji magumu. Visima vingi vya pwani, vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, viko hivyo.

Una maji magumu? Chukua gapi, moli au plati. Yako ni laini? Chukua neoni tetra na jamaa zake wadogo, ambao kwao ni mito ya Amazoni. Kuna dawa za kubadili maji, lakini utazitia kila unapobadilisha maji mpaka uchoke. Ni nafuu kubadili samaki.

Kisha tazama mdomo. Samaki anayeweza kummeza mwenzake atammeza, hata kama wamekua pamoja. Enjelifishi mdogo kama sarafu hupendeza sana kando ya neoni. Ngoja akue. Neoni wataanza kutoweka usiku, mmoja mmoja, na asubuhi hutakuta hata mfupa.

Wako pia wasiomeza ila wanadonoa. Taiga babi, yule mwenye milia myeusi, ukimtia na gapi dume, ule mkia mpana utabaki matambara. Beta dume naye aweza kumshambulia gapi kwa kumdhania mpinzani. Na beta madume wawili usiwaweke pamoja kabisa.

Sasa mimea. Goldifishi mwache: anatafuna majani laini, anang'oa miche, na hapendi joto wanalolitaka wenzake. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri mno, sibishani na mtu, lakini wanachimba, wanatafuna na wanagombana. Watafutie tangi lao la mawe.

Wa kuogopwa zaidi ni pleko. Utauziwa akiwa na urefu wa kidole, kwa sifa ya kusafisha vioo. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na usiku hukwangua majani mapana mpaka yanabaki matundu na mishipa mitupu. Kwa kazi ya kula mwani, nunua konokono wa neriti. Hali mimea iliyo hai, na mayai yake hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi.

Panga wakazi kwa ghorofa. Tuseme tangi lako ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Kwa maji laini, weka neoni 10 katikati, kambale wadogo aina ya koridora 6 chini, na gurami mdogo dume mmoja juu. Koridora watandikie mchanga laini, kwa sababu changarawe kali huwaumiza sharubu. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26.

Neoni na koridora usinunue wawili wawili ili kubana matumizi. Wakiwa wachache wanaingiwa na hofu, wanajificha, wanapauka. Chukua kuanzia 6.

Kwa maji magumu, gapi 8 wanatosha kuanzia. Nunua madume matupu, la sivyo baada ya miezi michache utakuwa unawagawia majirani vifaranga.

Panda mimea kwanza, washa filta, kisha subiri wiki 4 hadi 6. Pima maji: amonia na nitriti zisome sifuri. Hapo ingiza kundi moja, usiwaingize wote kwa mpigo. Eleza mfuko juu ya maji dakika 20, kisha wahamishe samaki kwa wavu. Maji ya dukani yamwage nje.

Muuzaji akikuambia wote wanakaa pamoja, muulize mambo mawili tu: huyu anafikia ukubwa gani, na anakula nini? Akibabaika, ondoka na pesa yako.