Safari ya Ukweni Ugenini: Khofu ya Haki na Khofu ya Uvumi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa zetu swali moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali. Mwanamke wa Mombasa ameolewa na mume aliyesilimu, mzaliwa wa Meru. Mume ataka kumpeleka kwao akawaone wazee, na mke aogopa. Au kijana wa Malindi ameoa binti wa Embu, na mama wa kijana aapa kwamba mwanawe hatakwenda huko, asije akarogwa au akauawa. Kisha huulizwa: Je, khofu hii ni udhuru katika sharia? Je, mume ana haki ya kumlazimisha mkewe? Na mwenye kwenda, ajihadhari na nini?

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Upande mmoja iko roho ya mja, nayo haijuzu kutupwa katika maangamizo. Upande wa pili uko udugu wa damu, nao haujuzu kukatwa. Wako watoto waliozaliwa mwambao wakabaleghe wala hawajauona uso wa babu yao, kwa sababu tu ya khofu ambayo hakuna aliyeipima. Basi somo letu la leo ni kuipima khofu hiyo.

1. Safari ya Nabii Musa pamoja na ahali yake

Nabii Musa (A.S.) alikuwa mgeni katika Madyan, akaoa huko, akamtumikia mkwewe kwa muda waliopatana. Alipoutimiza muda huo alisafiri na ahali yake. Wengi katika wafasiri wasema kwamba alikuwa akirejea Misri kwa jamaa zake. Na Misri ndiko alikokuwa akitafutwa, kwa yule mtu aliyekufa mkononi mwake. Wala hakuificha khofu yake, bali alimwambia Mola wake kwamba anachelea watamuua. Huyu basi ni mume ampelekaye mke nchi ya kwao, nayo nchi hiyo ina khatari ya kweli.

Tazama alivyofanya. Kwanza, hakuondoka illa baada ya kumtimizia mkwewe haki yake. Pili, alipouona moto kwa mbali upande wa Mlima Tur, hakuwachukua ahali yake wote kuuendea. Aliwaambia wangoje, akaenda yeye. Tatu, alitaja mambo mawili aliyokuwa akiyataka: khabari ya njia kutoka kwa ajuaye, na kijinga cha moto wapate kuota. Nabii wa Mwenyezi Mungu, pamoja na utukufu wake, aliulizia njia na akafikiri juu ya baridi itakayowapata wakeze nyumba. Mwenye kudhani kwamba tawakuli ni kufunga macho na kupanda gari, na aisome tena kisa hiki.

2. Khofu ya haki si upungufu wa imani

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Sham alifikiwa na khabari, naye yuko mahali paitwapo Sargh, kwamba huko limezuka tauni. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Halafu akaamua kurudi. Abu Ubayda alipomkabili kwa hoja ya kadari, Umar alimfahamisha kwamba kuondoka katika khatari nako ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu, kama mchungaji anavyowapeleka ngamia wake upande wa bonde wenye majani akauacha ulio mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na uamuzi ule.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wameweka amani ya njia kuwa sharti katika kuwajibika Hija, nayo ni nguzo ya dini. Ikiwa nguzo humwondokea mja kwa khofu ya kweli juu ya nafsi yake, mali yake au heshima yake, itakuwaje ziara ya ukweni? Kadhalika wamesema kuwa mume ana haki ya kusafiri na mkewe, lakini kwa sharti njia iwe na amani, na huko waendako kuwe na amani. Haki ya mume haifiki kumburura mke hadi penye madhara.

Lakini khofu izungumzwayo hapa ni ile iliyothibiti, au iliyoelekea sana kuthibiti kwa dalili. Uvumi hauhesabiwi. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu amewalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, ilhali lau wangelirudisha kwa wenye kujua lingelifahamika kwa hakika yake. Aya hiyo ndiyo mizani ya somo letu.

3. Khofu yetu ya bara ilikotoka

Si uongo kwamba wazee wetu waliiona Meru kuwa nchi nyingine. Mwambao wa maili kumi ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, ukiangaliwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895, nao ukiitwa Protektoreti. Meru na Embu zilikuwa katika Koloni. Tofauti hiyo haikuondoka ila kwa makubaliano ya tarehe 8 Oktoba 1963, karibu na uhuru wa Disemba.

Tena ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa katika fungu moja, wakazuiwa kutembea bila ya vyeti. Na katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 maelfu yao walikamatwa. Misituni mwa Mlima Kenya mlikuwa na vita. Mtu wa pwani aliyesita katika miaka ile kwenda kwa wakwe zake huko alikuwa na udhuru ulio wazi kama jua.

Lakini vita vile vimekwisha zamani, na mpaka ule haupo tena. Kilichobaki ni mabaki ya khofu, mtu humrithi mama yake kama arithivyo sanduku lililofungwa, wala asilifungue akaona kama ndani mna kitu. Na jambo lenye kuchekesha ni kwamba wao nao wanatuogopa sisi. Mzee wa Nkubu huusiwa asimruhusu binti yake kwenda Mombasa, kwani huko kuna majini yanayofugwa majumbani. Sisi twasema huko kuna wachawi, wao wasema huku kuna majini, na kila mmoja aona ajabu kwamba mwenziwe asadiki upuuzi.

4. Khatari za kweli

Sasa tuliulize jambo hili kwa wenye kujua, kama Aya ilivyoelekeza. Tutaona kwamba khatari za kweli zipo, lakini nyingi si zile zinazozungumzwa barazani.

Ya kwanza ni njia. Kutoka Mombasa hadi Meru ni safari ya kama kilomita 700. Baada ya Embu barabara hupita Runyenjes na Chuka, ikiteremka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya. Katika mabonde hayo lipo la mto Nithi, ambapo magari yamekuwa yakianguka kwa miaka mingi. Tarehe 24 Julai 2022, wakati wa jioni, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, wakafa watu zaidi ya 30. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa Waislamu, na awape subira jamaa za wote. Mwenye kuogopa uchawi wa Meru kisha akapanda gari la usiku linalokwenda mbio, huyo amekimbia kivuli akamkumbatia simba. Tangu mwaka 2017 iko reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Yafaa msafiri apande gari moshi, alale Nairobi, kisha aondoke asubuhi apate kuvuka mabonde yale mchana. Na iko njia nyingine ya kuingilia Meru kwa upande wa Nanyuki na Timau.

Ya pili ni baridi. Mji wa Meru uko mlimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Embu haikupungukiwa sana. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi na ukungu. Mtoto wa pwani apelekwaye huko na kanzu moja ataugua, na mwenye pumu huenda akadhikika vibaya. Basi zichukuliwe nguo nzito na dawa zake. Na kwa upande wa pili, mtoto aliyelelewa katika baridi ya mlimani, aletwapo mwambao, mwili wake haukuzoea malaria. Haki yake ni kulazwa ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Hifadhi ni ya pande zote mbili.

Ya tatu yahusu mabinti. Katika sehemu hizo ilikuwako, na haijatoweka yote, ada ya kukeketa wasichana. Baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ada hiyo mwaka 1956. Wasichana wengi wakakaidi, wakafanyiana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelifanya tendo hilo kuwa jinai, na ajuaye akanyamaza naye ana kosa. Sitaki kuingia hapa katika maneno marefu ya wanazuoni. Yatutosha ile kanuni kuu ya dini yetu kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, na madhara ya tendo hili yamethibitishwa na matabibu. Mama akiogopa juu ya binti yake, khofu yake na isikizwe wala isidharauliwe. Mume na aseme na wazee wake waziwazi kabla ya safari, na mtoto asiachwe huko peke yake madhali hajapata hakika.

Ya nne ni vinywaji. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na wilaya nyinginezo kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Muislamu amekwisha kuhifadhiwa na jambo hili na dini yake, lakini na awe imara: akikaribishwa akatae kwa upole na kwa uso wa furaha, na aombe maziwa au chai. Mwenyeji mwungwana hamlazimishi mgeni.

5. Wajibu wa mwenyeji na wajibu wa mgeni

Yule ambaye kule ni kwao ndiye mwenye amana. Ndiye ajuaye njia, lugha, ada, na kama kuna ugomvi wa shamba baina ya nduguze. Akiyaficha hayo ili mkewe au mumewe asikatae safari, amemkhini. Yampasa aseme kweli yote, awaandalie wazee wake khabari ya mkamwana wao na dini yake, achinje mwenyewe au amtafute Muislamu wa kuchinja, na asimwache mwenziwe peke yake miongoni mwa watu ambao lugha yao haijui. Misikiti iko mjini Meru na mjini Embu. Na iulizwe kabla, ijulikane pa kukimbilia penye haja. Kabla ya kuondoka zichukuliwe hati za ndoa na vitambulisho, na jamaa wa pwani waelezwe wapi wanakokwenda na lini watarudi.

Na mgeni naye ana wajibu. Asiende na dharau. Asikunje uso kwa chakula, wala asiwaite watu wa ukweni washenzi, neno ambalo midomo ya watu wetu imelizoea nalo ni aibu kwetu. Mavyaa aliyelima mlimani miaka arubaini akamsomesha mwanawe ana haki ya kuamkiwa kwa heshima kama mavyaa wa Lamu. Huenda adabu ya siku tatu ikawa ndiyo daawa pekee iliyofika mlangoni kwa watu wale.

Ama yale yanayofanywa na baadhi yetu, kwenda kwa mganga kufanyiwa zindiko, kufunga hirizi kiunoni na kumwaga kafara njia panda ndipo mtu aende kwa wakwe zake, hayo ni kuitafuta hifadhi kwa asiyeimiliki. Msafiri anazo dua zilizothibiti kwa Mtume wetu (S.A.W.): ya kuagana na ahali, ya kupanda chombo, na ya kushukia mahali. Azihifadhi hizo, na pamoja nazo afunge mkanda wa gari. Na Mtume aliyemfundisha bedui kumfunga ngamia wake kisha ategemee, hakuacha hoja kwa mwenye kutenganisha mambo hayo mawili.

Natija ya somo

Khofu iliyothibiti ni udhuru, na mume hana haki ya kuipuuza. Khofu ya uvumi si udhuru, na mke hana haki ya kukata udugu kwayo. Baina ya hizo mbili lipo jambo moja: kuuliza kwa ajuaye, kwa shauri na kwa ukweli. Wakishindwa kupatana, basi na waende kwa Kadhi au kwa wazee wa pande mbili, wala wasiifanye safari kuwa sababu ya talaka.

Wenzetu wa darsa na watazame maswali haya kabla ya kukutana tena:

1. Ni mambo gani matatu tuyapatayo katika safari ya Nabii Musa na ahali yake?
2. Kwa nini kurudi kwa Sayyidna Umar hakukuwa kuikimbia kadari?
3. Ni ipi tofauti baina ya khofu iliyothibiti na khofu ya uvumi? Toa mfano mmoja wa kila moja katika safari ya Meru.
4. Mwenyeji akificha khatari anayoijua, amevunja haki ipi?

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, bara na baharini, na aunganishe nyoyo za waliounganishwa na ndoa. Amin.