Kwa Nini Mchanganyiko Unakatika Kama Maziwa Ndani ya Bomba

Vijana wa nyanya na hoho wananiuliza sana swali hili: "Bwana shamba, nimeweka busta ya kaitosani pamoja na dawa, nikaongeza sabuni ya maji ili ishike kwenye majani. Mbona imekatika kama maziwa na nozeli imeziba?" Wengi wanasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa, tatizo ni chaji.

Twende taratibu. Sabuni ni safaktanti. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ndiyo maana maji ya sabuni hutandaa kwenye jani la kabichi badala ya kuviringika na kudondoka. Kichwa hicho kinaweza kuwa na chaji hasi, chaji chanya, au kisiwe na chaji kabisa. Sabuni ya kuoshea vyombo, ile ya mtaani ya salfoniki na ungarol, ni hasi.

Kaitosani ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, na inatokana na magamba ya kambamiti na kaa. Kwenye maji yenye uchachu kidogo mnyororo huo unabeba chaji chanya nyingi, kama shanga kwenye uzi. Chaji hizo zinasukumana, hivyo mnyororo unanyooka na kukaa vizuri majini. Ukitia sabuni hasi, kila kichwa kinanasa kwenye shanga yake. Sasa ile mikia isiyopenda maji inajikuta imepangana karibu karibu, nayo inashikana. Na haihitaji sabuni nyingi! Sabuni ikiwa peke yake hujikusanya vifundo vifundo ikifikia kiwango fulani, lakini ikikuta polima yenye chaji kinyume inaanza kujikusanya hata kwa sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho, au chini ya hapo. Chaji zikishafutana, mnyororo hauna cha kuushikilia majini. Unajikunja na kuzama. Hayo ndiyo mabonge unayoyaona.

Kuna wanaochuja kwa kitambaa halafu wanaendelea kupuliza. Jamani, ulichochuja ndicho ulichokilipia! Mabonge yamebeba kaitosani, yamebeba sabuni, na yanaweza kunasa matone ya dawa pia. Kilichobaki kwenye bomba hujui kina nguvu kiasi gani, na mdudu aliyepata dozi pungufu anabaki shambani anakula. Kuna polima ambazo ukizidisha sabuni sana mabonge huyeyuka tena, maana chaji inageukia upande wa pili. Hiyo waachie watu wa maabara, shambani sabuni nyingi hivyo itaunguza majani.

Halafu kuna hili: dawa yenye herufi EC kwenye lebo tayari ina safaktanti ndani, na mara nyingi mojawapo ni hasi. Kwa hiyo hata bila sabuni yako ugomvi unaweza kutokea.

Humiki ni kinyume cha kaitosani, yenyewe ni polima hasi. Na sabuni ya vyombo haigombani sana, ila inagombana na kaitosani, na pia na zile dawa za kuua vijidudu zenye safaktanti chanya ambazo wengine husafishia vifaa vya kitalu. Suuza bomba vizuri.

Ukitaka gundi ya kuchanganya na kaitosani, chagua isiyo na chaji, kwenye lebo tafuta neno non-ionic. Hata hivyo jaribu kwanza. Vaa glavu, chukua chupa angavu ya lita 1 ambayo haitatumika tena kunywea. Tumia maji yale yale ya shambani. Kama dozi ni mililita 40 kwa bomba la lita 20, weka mililita 2. Ongeza kimoja kimoja, tikisa kila mara, kisha iache nusu saa. Ukiona nyuzi, mabonge au utelezi kama makamasi, vitenganishe: dawa leo, kaitosani siku nyingine kwa bomba lililosuuzwa.